Theluji ya Nani

Tarehe kumi na saba Januari, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi,
mbele ya duka la mikate la Gejza Mrva, mjini Dolný Kubín,
nyonga yangu ya kushoto ilialika kama ukuni mkavu.
Barua sitini na mbili zilitawanyika.
Nilizihesabu nikiwa chini, maana mazoea yana tabu.

Wanasema kuteleza si kuanguka.
Mimi niliteleza, kisha nikaanguka,
na baina ya hayo mawili palikuwa na kitambo kidogo
ambacho mahakama imekitafuta miaka miwili na miezi minne.

Theluji ilikuwa ya nani?
Mrva alisema: njia ni ya mji, mimi nauza mikate.
Mji ukasema: theluji ilikuwa yetu, na jana yake jioni tulikwisha kuizoa.
Kilichomwangusha ni barafu, na barafu ni maji,
na maji yalivuja kutoka mfereji wa paa la Mrva.
Mrva akasema mfereji aliufunga fundi.
Fundi alikwisha kufa.
Marehemu hakujibu kitu,
akawa ndiye pekee kati yao asiyenikana.

Kampuni ya bima ilimtuma kijana, Vavrinec, na rula ya plastiki.
Alipima kina cha meno ya soli zangu:
milimita mbili na nusu.
Aliandika, akaniomba radhi kwa kuingia na matope.

Daktari aliyapa maumivu yangu alama, kama mwalimu:
mvunjiko, alama zake; upasuaji, alama zake.
Usiku ninaolala chali nikilisikiliza friji
haumo kwenye jedwali.
Nilimuuliza.
Alifunua kurasa mbili za nyuma, akatafuta kwa moyo kabisa.

"Ajali haina kinga," alisema wakili wa mji.
Inayo, nilitaka kumjibu.
Huuzwa kwa gunia, kilo ishirini na tano,
huitwa chumvi, na bei yake
haifiki chakula chako cha mchana.
Lakini zamu ya kusema ilikuwa yake.

Hukumu aliileta Radko, aliyerithi njia yangu,
yule anayeacha bahasha ndefu zichungulie nje ya sanduku zilowe.
Miaka thelathini na moja nilipeleka bahasha za mahakama;
vidole vyangu vilizijua kwa uzito kabla sijasoma jina.
Uzito wa ndani sikuwahi kuubeba.

Mji: nusu.
Mrva: sehemu moja ya tano.
Mimi mwenyewe: asilimia thelathini,
kwa viatu, kwa haraka,
na kwa sababu njia ile niliijua.
Hilo la mwisho nimelisoma mara tatu.
Eti aliyeijua njia alipaswa kuiogopa zaidi.

Fedha zenyewe zinatosha kung'oa beseni la kuogea
na kuweka bafu lisilo na kizingiti.
Sizikatai.
Binti yangu Zlatica anataka tukate rufaa.
Mimi nimekwama kwenye ile thelathini.
Ni kipande gani cha mfupa nilichojivunjia mwenyewe?
Kile chenye parafujo,
au kile kinachojua kesho itanyesha?

Mrva huniletea mkate hadi kwenye gari la Zlatica.
Kesi hatuitaji.
Mkate wake siku hizi umepungua chumvi;
nadhani yote huimwaga nje.

Leo imeanguka tena.
Saa kumi na moja alfajiri, mkongojo mkono huu, ndoo mkono huu,
nimemwaga majivu ya jiko toka mlangoni hadi kwenye sanduku la barua,
hatua tisa za zamani, kumi na nne za sasa.
Radko atapita saa nne.
Hadi kwenye sanduku, theluji ni yangu.
Ng'ambo ya hapo sijui.